Jumba la Bata: Fagio Moja Zito

Tulipoachana wiki jana, Wendell Brekke alikuwa amepiga magoti kwenye chumba cha chini, mbele ya kabati la chuma, anahesabu bunduki kwa kidole. Zinatakiwa ziwe sita. Akapata tano. Akahesabu tena akianzia upande wa pili, kana kwamba bunduki huzaana ukizihesabu kinyume.

Tano.

Najua mmenilaani. Barua zenu nimezisoma, na yule bwana aliyeandika kwamba nimemharibia Jumamosi yake, pole sana. Mimi ni mpishi. Nimezoea watu wangoje mezani huku wananung'unika.

Kwa aliyeingia leo: Jumba la Bata ni nyumba ya wanafunzi wa chuo, vijana ishirini na wanne wanaoishi pamoja na kuitana ndugu, ingawa ukiacha soseji moja kwenye sahani huo udugu huuoni. Juu ya paa la baraza amekaa bata bukini wa saruji, na ndani jikoni nimekaa mimi, Marlys Kopecky, mwaka wa kumi na tisa sasa. Siku tunayoisimulia ni Ijumaa, saa tano asubuhi. Kesho yake msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa, na hapa kwetu Wisconsin siku hiyo hata meno hayang'olewi, kwa sababu daktari naye yuko porini.

Wendell akapanda ngazi mbili mbili mpaka jikoni. Nilikuwa nakoroga booyah, mchuzi wetu wa kuku na nyama ya ng'ombe, katika sufuria ambamo mtoto angeweza kuogea.

“Mama, bunduki ya Rollie haipo.”

“Labda imechoka kukaa na ninyi.”

“Mama, sitanii.”

Kweli, hatanii kamwe. Ndugu zake wanamwita Mchungaji kwa sababu hanywi, na kwa sababu hanywi ndiyo wakampa ufunguo wa kabati la bunduki. Sharti lake lina maneno manne, ameliandika kwa kalamu nyekundu mlangoni: UKINYWA HUGUSI, UKIGUSA HUNYWI. Wakalicheka mwezi mzima.

Walilicheka zaidi lilipogusa ile picha yao ya pamoja. Kila mwaka, Ijumaa hiyo saa sita mchana, ndugu husimama kwenye ngazi za mbele wamevaa makoti ya wawindaji ya rangi ya machungwa, wenye bunduki nazo mkononi, wanazungusha brandi kwenye glasi kubwa yenye umbo la kiatu, halafu wanapigwa picha. Mwaka huu Wendell akawaambia wachague: ama brandi, ama bunduki. Nadhani huhitaji kuambiwa walichagua nini. Ila ili kumkomoa wakanunua mafagio, wakatoa vichwa, wakaivalisha mipini zile soksi ndefu za rangi ya machungwa za kuhifadhia bunduki, wakaijaza kwenye pipa pale mlangoni. “Mchungaji ametupa silaha mpya,” wakawa wanasema, “twende tukawafagie kulungu.”

“Ufunguo wangu huu hapa shingoni,” Wendell akaniambia. “Haujatoka tangu jana.”

“Basi ni ule wa pili.”

“Wa pili anao nani?”

Hapo nikakoroga mchuzi kwa bidii ambayo mchuzi haukuihitaji.

“Mama?”

Haya, nikitubu kwake nitubu na kwenu. Ufunguo wa pili hukaa kwenye kopo langu la unga, kwa sababu mimi nami sinywi asubuhi. Saa moja Rollie Haasch alikuja jikoni, akanibusu shavu, akasema Mchungaji amemtuma, akaongeza kwamba mkate wangu wa mdalasini unamkumbusha mbinguni. Nikampa ufunguo na kipande cha pili. Mwanamke wa miaka sitini na mbili, nimenunuliwa kwa sifa za mkate!

“Mama Marlys!”

“Najua. Ngoja nipunguze moto, utanigombeza tukiwa njiani.”

Hakunigombeza. Angenigombeza ningejisikia nafuu. Alitangulia tu kuelekea sebuleni, nami nilijua anamwaza nani. Baba yake mdogo anatembea kwa gongo. Alipigwa risasi ya goti katika kibanda chao cha kuwindia, mchana kweupe, na aliyempiga ni baba yake Wendell, baada ya glasi nne, akiwa na hakika kabisa kwamba bunduki ile haina kitu. Miaka tisa sasa ndugu wale wawili hawajakaa meza moja. Wendell aliniambia hayo siku moja akiosha vyombo, akaniomba nisimwambie mtu. Nimewaambia ninyi, na yeye ndiye aliyenipa ruhusa, baada ya siku hii.

Rollie tulimkuta sebuleni, amejilaza kwenye kochi na buti zake, anatabasamu na dari. Ukutani juu yake yamepigiliwa mapindo ya mashati, zaidi ya arobaini, kila moja na jina. Ndiyo desturi ya wawindaji wa huku: ukimkosa kulungu, au ukikosa shabaha mbele ya watu, wenzako wanakukata pindo la shati na kulitundika. Jina la Rollie halimo. Miaka mitatu halimo, na yeye haachi kukumbusha.

“Mchungaji!” akaita. “Umekuja kunibatiza? Maji yasiwe ya baridi, tafadhali.”

“Rollie, bunduki yako iko wapi?”

“Salama salimini.”

“Wapi?”

“Mahali ambapo mlevi yeyote hawezi kuipata.”

“Mlevi ni wewe, mwanangu,” nikamwambia.

Akalifikiria hilo. “Basi ndiyo maana siikumbuki.”

Wendell akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa. Alianza kumuuliza polepole, na Rollie akajibu vizuri, maana kunywa kwake ni kwa adabu. Alichukua bunduki saa moja. Akaenda uwanja wa shabaha kuirekebisha darubini. Akarudi saa tatu. Glasi ya kwanza akaishika baada ya kurudi, hilo aliapa kwa mikono miwili.

“Uliitoa risasi?”

“Mimi mtoto? Magazini hii hapa!” Akaichomoa mfukoni, akampa Wendell. Ndani zilikuwemo risasi tatu.

“Ulitoka na risasi ngapi?”

“Boksi moja. Ishirini.”

“Ukapiga ngapi?”

Rollie akaonyesha ukutani kwa fahari. Karatasi ya shabaha ilikuwa imepigiliwa katikati ya mapindo ya wenzake. “Hesabu matundu mwenyewe, Mchungaji, maana mimi nikihesabu mtasema najisifu.”

Tukahesabu wote wawili. Mimi nilipata kumi na sita, Wendell akapata kumi na sita. Kumi na sita karatasini, tatu kwenye magazini.

“Kumi na tisa,” Wendell akasema.

Mimi nimeolewa na mwindaji miaka thelathini, najua kosa hili lilivyo. Mtu anachomoa magazini, anaitia mfukoni, anajiona mtu makini. Anasahau kwamba moja imeshapanda juu, imelala ndani ya mtutu, inangoja.

“Rollie,” Wendell akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole mno, “labda mara moja ulikosa karatasi.”

“Nani?”

“Wewe. Labda ya ishirini ilipita pembeni.”

“Sikosi.”

“Kaka, nakuomba. Sema ulikosa.”

Kijana wa watu alikuwa anamwomba. Kama Rollie amekosa shabaha mara moja, bunduki ni tupu na sote tutakwenda kula. Kama hakukosa, kuna risasi moja nyumbani humu na hatujui iko mkononi mwa nani. Na Rollie, kwa ajili ya pindo la shati la dola kumi na tano, akakunja mikono kifuani.

“Sikukosa hata moja. Andikeni hivyo.”

Nilishachoka. Mkasi wa jikoni huwa ninao kwenye aproni. Nikautoa, nikalishika shati lake kwa nyuma.

“Mama, unafanya nini?”

“Nakata. Useme bunduki iko wapi, au nakata mpaka kwenye kola.”

“Sijakosa!”

“Mimi sihitaji sababu. Mimi ni mpishi.”

Nikakata kidogo, sentimita mbili hivi. Mlio wa kitambaa ukamlevua kuliko kahawa.

“Pipa!” akapiga kelele. “Pipa la mafagio! Nimeivalisha soksi nikaiweka na yale mengine! Bibi yangu hutundika picha ya ngazi kila mwaka, Mama, juu ya televisheni. Ataniona nimeshika fagio, bibi yangu mimi! Nikasema mmoja tu, mmoja, awe na bunduki ya kweli, nani atajua?”

Wendell alishatoka mbio.

Mlangoni pipa lilikuwa limebaki na kitu kimoja kirefu ndani ya soksi ya machungwa. Kimoja tu! Cha Rollie mwenyewe, kimemngoja bwana wake. Nikaegemea ukuta, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Wendell akakinyanyua kwa mikono miwili, mdomo wa soksi umeelekea chini, akakipima uzito.

Akakirudisha pipani.

“Mti,” akasema.

Basi jueni kwamba nje pale, juani, kulikuwa na vijana ishirini na wawili, kila mmoja na soksi yake ya machungwa, na kiatu cha brandi kimeshazunguka mara tatu. Hakuna aliyekuwa amesimama kwa ajili ya picha. Walikuwa wanacheza vita. Hawa wamelala kwenye nyasi, hawa wamejificha nyuma ya ngazi, wanalengana vifuani na kupiga “Pa! Pa! Umekufa!” Mmoja alikuwa amefumba jicho na kumwekea mwenzake mpini kwenye sikio, na mwenzake anacheka kwa sababu anatekenywa.

Miongoni mwa mafagio yale ishirini na mawili, moja lilikuwa bunduki. Utauliza, jamani, kwani hawakuona uzito? Msomaji wangu, baada ya brandi ile hata mguu wako mwenyewe unauona wa mtu mwingine.

Wendell akafungua mdomo apige ukelele. Nikamshika mkono.

“Ukisema bunduki, watafanya nini?”

“Watacheka,” akasema. Halafu akafikiri. “Au wataitafuta.”

“Wataitafuta. Kila mmoja ataivua soksi yake kwa fujo, na vidole vya kila mmoja vitapita mle mle. Niachie mimi.”

Nikatoka barazani, nikashuka ngazi mpaka chini, nikasimama nyasini mbele yao, mikono kiunoni.

“BOOYAH TAYARI!”

Vita vikasimama. Sijawahi kuona nchi mbili zikipatana upesi namna ile.

“Sikilizeni! Chakula ni kwa zamu. Fagio lako unalilaza kwenye nyasi, taratibu, kama mtoto mchanga, ncha ielekee ule ukuta wa matofali. Atakayelitupa hali. Atakayemlenga mwenzake hali. Atakayeniuliza kwa nini, hali mpaka Krismasi.”

“Na jibini la kukaanga lipo?” mmoja akauliza.

“Lipo. Laza fagio.”

“Pa!” akasema mtu juu ya kichwa changu, na wote wakaangua kicheko. Sikugeuka. Nilikuwa nahesabu.

Wakaja mmoja mmoja, wamenyooka na wanyenyekevu, wanayumba kidogo. Wendell alipiga magoti kwenye nyasi, na kila lililolazwa analibonyeza kwa kiganja karibu na ncha. Mti. Mti. Mti. Jasho lilimtoka na ni Novemba. Aliyefika wa kumi na tano alikuwa ananong'ona kwa mwenzake, “Mchungaji anayabariki.” Wendell hakumsikia, au alimsikia akaona si wakati wake.

Kumi na tisa, mti. Ishirini, mti. Ishirini na moja.

“Mti,” akasema Wendell, akainua uso. Aliangalia nyasi tupu, akaniangalia mimi. “Mama, wako ishirini na moja hapa. Ni nani hayupo?”

Nikakumbuka ile “Pa!” iliyotoka juu. Nikageuka polepole.

Juu ya paa la baraza, amempanda bata wa saruji miguu huku na huku, alikuwa Tanner Duquaine, mwenyekiti wa nyumba. Ndiyo nafasi ya mwenyekiti kwenye picha, kila mwaka. Kiatu cha brandi kilikuwa kati ya mapaja yake. Soksi yake ya machungwa ilikuwa imelala juu ya magoti, na ncha yake ilikuwa inatutazama sisi sote chini.

“Na mimi mtaniletea huku juu?” akauliza. “Maana kushuka, kwa hali hii, sijiamini.”

“Tanner,” Wendell akasema, “fagio lako zito?”

“Zito kweli, bwana. Nilidhani mmenipa koleo.”

Niliwaona wanaelewa mmoja baada ya mwingine, na kila anayeelewa anarudi nyuma hatua moja.

“Usilishike,” Wendell akamwambia. “Mikono juu, kwenye shingo ya bata. Likumbatie hilo bata, Tanner. Vizuri. Usilitikise goti.”

Tanner akalikumbatia. Wendell alikuwa ameshafika kwenye ngazi ya mbao waliyoiegemeza ukutani, anapanda upande ambao mtutu haukuelekea. Akafika. Akanyoosha mkono mmoja, akaielekeza ncha juu, mbinguni, ndipo akaichukua. Akaivua soksi. Chuma cheusi kikatokea, na kijana mmoja nyasini akakaa chini bila kupenda.

Kifungo cha usalama kilikuwa wazi. Wendell akavuta mkono wa kukokia nyuma.

Risasi nzima ikaruka nje. Ikagonga bati la mfereji wa maji, tinni, ikaangukia ngazi za baraza na kubingirika mpaka kwenye viatu vya Rollie, aliyekuwa ametoka sasa hivi na shati lake lililokatwa.

Rollie akaitazama.

“Nilisema sikukosa,” akasema. Akakaa hapo hapo kwenye ngazi na kulia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake.

Ningependa kuishia hapo. Ningewapeleka ndani wote, tukala, tukacheka. Lakini Wendell alishuka, akaiokota risasi ile, akaigeuza akitafuta kitu kwenye kitako chake, na nikaona mkono wake unasimama.

“Mama, njoo uone.”

Katikati ya kitako cha risasi palikuwa na kibonyeo kidogo, duara, kimekaa sawasawa. Mke wa mwindaji haulizi maana yake. Pini ilikuwa imegonga. Mtu alikuwa amefyatua, na risasi ikakataa, moja mbovu katika boksi zima.

“Tanner!” Wendell akaita. “Ulibonyeza?”

Tanner alikuwa ameshashuka nusu ya ngazi ya mbao, amening'inia pale, uso umekuwa mweupe. “Mara moja tu. Ilikuwa utani, bwana. Ikalia tik, nikajua ni la mti.”

“Ulimlenga nani?”

Alikuwa ananitazama mimi, na machozi yalishaanza.

Kumbe ile “Pa!” ilikuwa yangu. Nilikuwa nimempa mgongo, nahesabu mafagio, nawaahidi jibini la kukaanga.

Wendell akatoa simu. “Nawapigia polisi,” akasema. “Sijali.”

“Ukipiga nyumba inafungwa leo,” Tanner akasema. “Tunafukuzwa wote. Mchungaji, tafadhali. Hakuna aliyeumia.”

“Baba mdogo wangu naye hakuumia, mpaka alipoumia!”

Hapo makelele yakaanza, wengine piga, wengine usipige, mpaka mmoja nyuma akasema, “Aulizwe Mama. Aliyelengwa ni Mama.” Wote wakanigeukia. Vijana ishirini na wanne, na mafagio yao kwenye nyasi. Nawapenda wale watoto. Nilikasirika mpaka masikio yakawa yanalia, na nawapenda.

“Nipe simu,” nikamwambia Wendell.

“Mama, utawapigia?”

“Hao utawapigia wewe nikimaliza, na hakuna atakayekuzuia. Kwanza kuna mtu mwingine.”

Nikabonyeza namba ninayoijua kwa kichwa. Mwenyewe hupiga jikoni kwangu kila Jumapili, kwa sababu mwanawe hapokei simu zake, kuniuliza kama anakula na kama ana soksi za joto. Ikaita mara mbili. Tanner alipoisikia sauti ile ya kike kwenye kipaza sauti, akaachia ngazi na kuketi kwenye nyasi.

“Marlys? Mbona leo si Jumapili? Mwanangu hajambo?”

“Hajambo, Bi. Duquaine,” nikasema. “Na mimi sijambo, lakini ni kwa bahati tu. Tafuta kiti ukae. Tanner anataka kukuambia alichonifanyia leo.”

Nikampa Tanner simu.